Siku Niliyohesabu Watoto wa Mwalimu Tluway

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu huko juu Nainokanoka, mwanangu, na ningekuwa na uwezo ningeiacha hukohuko. Lakini juzi ulinisomea ule mkataba mnaouandika kwa ajili ya walimu wa shule yenu mpya hapa Karatu. Ulipofika kwenye ukurasa wa vigezo vya kupima kazi ya mwalimu, ukaniuliza naonaje. Nilifumba macho. Ukadhani nimesinzia. Sikusinzia, nilikuwa nahesabu vichwa.

Unajua sikusoma sana. Shule niliiacha darasa la nne, wala hakuna aliyenifukuza. Nilitaka tu kuona barabara inaishia wapi. Nimekuwa utingo wa lori la ngano, nimechimba visima Mbulu, nimeuza tumbaku na magadi boma kwa boma. Kila nilipofika niliuliza: hiki ni nini, kile kwa nini. Wengine walinipenda kwa hilo, wengine walinichoka siku ileile. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na niliamini kwamba jambo nisilolielewa ni jambo lisilo na maana.

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, biashara ya tumbaku ikanifikisha Nainokanoka, ndani ya hifadhi ya wanyama. Huko nilimkuta kijana mwenzangu, Mwiraqw wa hapahapa Karatu, Mwalimu Tluway. Shule yake ilikuwa chumba kimoja cha miti na udongo. Leo haipo. Alinipa kona ya kulala, nami nikamchotea maji na kumpasulia kuni. Jioni alinifundisha kusoma, maana nilikuwa bado nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukaruka mawe.

Tluway alikuwa kwenye majaribio. Barua yake ya ajira aliihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai, nami kwa udadisi wangu nikamwomba nijifunzie kusoma kwa hiyo. Ndiyo maana naikumbuka. Ilisema kwamba baada ya miaka miwili atakuja mkaguzi, atapima mahudhurio ya wanafunzi, maandalio ya masomo, usafi, shamba la shule na uhusiano wa mwalimu na wazazi. Akiridhika, mwalimu atathibitishwa kazini. Asiporidhika, ajira inakoma. Hakuna mstari uliouliza kama watoto wamejua kusoma.

"Mwalimu," nikamwambia, "hapa wanataka shamba. Na kulima ndani ya hifadhi si kumekatazwa? Ukishika jembe unakamatwa."

Akacheka. "Sasa umesoma vizuri. Walioandika hii walikuwa wanafikiria mashamba ya Karatu."

"Waandikie basi!"

"Nimewaandikia mara mbili. Nadhani barua zangu bado zinasubiri gari."

Kwa hiyo upande wa shamba alikuwa ameshakosa kabla hajaanza. Yaliyobaki yalisimama juu ya mahudhurio, na hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Wazee wa pale, Wamasai, walikuwa hawapendi mtoto ahesabiwe. Kumnyooshea mtoto kidole na kumpa namba ni kumwonyesha kifo alipo. Walipokubali kuleta watoto shuleni waliwekeana sharti na Tluway: andika majina, weka alama kwa aliyekuja, lakini usiwahesabu. Tluway alilishika sharti hilo. Katika daftari lake la mahudhurio majina yalijaa, alama zilijaa, na safu ya jumla ilikuwa tupu miaka yote miwili.

Mimi nilicheka. "Mwalimu mzima unaogopa moja, mbili, tatu?"

"Siogopi namba," akasema. "Naogopa darasa tupu."

Siku ya mkaguzi ilipofika watoto walijaa mpaka mlangoni. Wazazi waliambiwa nao wangepimwa, kwa hiyo akina mama walikuja na maziwa kwenye vibuyu, wakakaa nje ukutani. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka na safari, viatu vimejaa tope. Alifungua daftari, akageuza kurasa, akasita.

"Ndugu Mwalimu, jumla ziko wapi?"

Tluway akamweleza kwa sauti ya chini. Mkaguzi akasikiliza mpaka mwisho, akajikuna shingo. "Haya. Tunywe chai kwanza. Watoto wakishatawanyika tutajumlisha wenyewe kwenye karatasi."

Umesikia, mwanangu? Alikuwa amekubali, nami nikaja kuambiwa baadaye. Jambo lilikuwa limekwisha.

Lakini mimi nilikuwa mbali, nasukuma kuni jikoni, nikasikia neno moja tu: jumla. Nikaona uso wa Tluway alipotoka, nikadhani ameshindwa. Wakati wakinywa chai nikaingia darasani. Nilitaka kumwokoa. Pia nilitaka kuonekana, nisikufiche. Nikapita mstari kwa mstari nikimgusa kila mtoto kichwani, nikihesabu kwa sauti kubwa ili mkaguzi asikie: moja, mbili, tatu. Watoto wadogo walicheka. Wakubwa waliinamisha vichwa kana kwamba napita na fimbo. Nilipofika kumi na saba, sauti za nje zikakatika. Sikusimama. Nikafika arobaini na moja, nikatoka mlangoni nikitabasamu.

Bibi mmoja alikuwa amesimama mbele yangu. Wote tulimwita Koko, yaani bibi kwa lugha yao. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini siku ile kilitosha.

"Umemgusa mtoto wangu."

"Nimewagusa wote, Koko. Ni kwa faida ya mwalimu."

"Yule wangu anaitwa nani?"

Nikageuka kuangalia. Mjukuu wake alikuwa yule wa kumi na saba. Nilimjua vizuri kwa sura. Kila nilipofungua magazeti niliyofungia tumbaku alikuja kunisomea vipande, kidole kikifuata mstari, na alinishinda mimi mtu mzima. Mimi niliyeuliza kila kitu duniani sikuwa nimewahi kumuuliza jina.

"Sijui," nikasema.

"Ng'ombe wangu mimi nawajua kwa rangi," akasema Koko. "Mmoja asiporudi, nauona uso wake kwamba haupo. Wewe umewapita wote, hujamwona hata mmoja."

Akamshika yule mtoto mkono wakaondoka. Akina mama wengine wakanyanyuka bila kelele, kila mmoja na wake. Tluway alikuja mbio, kikombe bado mkononi, akawafuata, akawasihi kwa Kimasai chake cha kuungaunga. Hawakumtukana. Walimpita tu.

Ukaguzi ulikuwa wa siku mbili. Siku ya pili darasani walikuja watoto wa mwenye duka na wa askari wa hifadhi, basi. Tluway alimwambia mkaguzi, "Lakini jana uliwaona."

"Niliwaona," mkaguzi akajibu, hakumtazama usoni. "Ndugu yangu, fomu hii haina nafasi ya kuandika jana."

Akaandika alichokiona. Mahudhurio hafifu. Uhusiano na wazazi, mbaya. Shamba, hakuna.

Kabla mwezi haujaisha surua ikapanda mabomani. Nilikuwa nimeisikia huku bondeni mapema, najua si mimi niliyeipandisha. Watoto kadhaa waliugua wakapona. Yule wa kumi na saba hakupona. Jina lake lilikuwa Nasieku. Nililijua siku waliyomlilia. Hata leo, nikiwa mnyonge, namba ndiyo inayotangulia kunijia, jina linakuja nyuma.

Barua ya Tluway ililetwa na lori. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka ndani ya kopo lilelile la chai juu ya ile ya kwanza. Nilitaka aniseme. Alisema tu, "Uliniuliza kila kitu. Kwa nini hili hukuniuliza?" Kesho yake akashuka kwa miguu. Mwalimu mwingine hakuletwa. Mvua mbili baadaye paa lilikuwa chini, na mbuzi walikuwa wakilala mahali watoto walipokuwa wakikaa.

Miaka ikapita nikamkuta huku Karatu, kibarua kwenye shamba la ngano, kavaa gunia begani. Tukasalimiana. Akaniuliza, "Unasoma bado?" Nikajibu nasoma. "Vizuri," akasema, akageukia kazi yake. Maneno ya kumwomba radhi niliyapata baadaye, naye alikuwa ameshafariki.

Sasa mkataba wenu. Mwanangu, kabla hamjaandika kigezo, nendeni mkasimame mahali mwalimu anaposimama. Msimdai shamba pale jembe limekatazwa. Anayotakiwa kufanya ayajue siku anapotia saini, si siku ya kupimwa. Wekeni nafasi kwenye fomu yenu ya kuandika jana, na ya kuandika kilichomzuia, naye apewe fursa ya kujibu kabla hamjafunga shauri lake. Miaka miwili ya mtu haipimwi kwa asubuhi mbili. Hesabuni, sawa, hakuna kazi isiyohesabiwa. Lakini mpeni mtoto gazeti asome, msikilize, hiyo nayo muipe alama. Na ukiona mtu yuko kwenye shida ukataka kumsaidia, muulize kwanza msaada gani. Usimkimbilie na akili yako mwenyewe kama nilivyofanya.

Na siku utakapoingia darasani na karatasi zako, mguse bega mtoto wa kwanza, umuulize mwalimu: huyu anaitwa nani? Kama atakujibu bila kutazama daftari, akakwambia na kinachomshinda na alichojifunza wiki hii, utakuwa umeshajua zaidi ya nusu.

Mungu akupe macho kama ya yule Koko, mwanangu. Akupe subira ya kuuliza kabla ya kunyoosha kidole. Na watoto wako waitwe kwa majina yao mpaka wazeeke.