Mama Brashi na Uso wa Mwalimu

Pale gazetini tulimwita Mama Brashi, na sijaona mtu mwenye mkono mwepesi kama ule. Miaka kumi na tisa alikaa dirishani na vikopo viwili vya rangi, nyeupe na nyeusi, akirekebisha picha kabla hazijaenda mtamboni. Jasho la waziri, chunusi ya bibi harusi, vyote alivifuta. Mimi nilikuwa mpiga picha, na tulitaniana kama mashemeji. "Leo umeniletea sura gani hii?" alizoea kuniuliza. "Huyu hata mama yake angemkana."

Kwa watu wa upande wetu alikuwa na bidii ya peke yake. Sisi ndio tuliokatazwa kupiga kura na kuishi ng'ambo ya reli, na gazetini tulionekana tukikamatwa tu. Akipata picha ya mtu wetu, atamnyoosha kola, atamng'arisha macho. "Hawatatuona washenzi," alikuwa akisema, "si mikononi mwangu." Nilimpenda kwa hilo.

Siku watu wetu walipoandamana kwenda ofisi ya kuandikisha wapiga kura, polisi waliwasubiri na virungu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mpole wa watu, alipigwa mdomoni mpaka ukachanika. Akainuka, akarudi kwenye foleni na fomu yake mkononi, shati limelowa damu. Nilipata picha hiyo moja tu kabla hawajanitimua. Niliamini kwamba watu wa ng'ambo wakiiona, hata wale wanaojitia hamnazo, hawatalala. Nikaisafisha haraka kwenye chumba cha giza, nikaiacha mezani kwa Mama Brashi, nikakimbilia hospitali kwa majeruhi. Sikumwambia neno. Hilo ni kosa langu, silikwepi.

Asubuhi nikafungua gazeti. Mwalimu amesimama nadhifu, shati jeupe pe, mdomo umefungwa vizuri, kama anayesubiri mshahara wake. Ng'ambo ya reli watu wakasema, mbona hawajaguswa hawa? Kabla ya saa nne polisi walishakuja kuchukua filamu, eti ya uchunguzi, na hadi leo haijarudi.

Siku ya nne mwalimu akafa. Mkuu wa polisi akaita waandishi, akainua gazeti letu wenyewe. "Ndiye huyu mnayesema tulimpiga?" Wakacheka, na mimi nilikuwemo chumbani.

Nilirudi nimepandwa na hasira, nikamfokea Mama Brashi mbele ya ofisi nzima. "Umemuua mara ya pili," nilimwambia.

"Niliona damu itamvunjia heshima," alisema. "Ndiye aliyemfundisha mwanangu kusoma."

Akafunika vikopo vyake. Wiki tatu hatukusemeshana, na mezani kwake picha zikapita kama zilivyokuja.

Maandamano mengine yakatangazwa. Asubuhi ile alinijia amevaa gauni lake la kanisani.

"Kaka, mimi leo natembea mstari wa mbele. Wewe kaa karibu. Na picha ikitoka, asiiguse mtu."

"Na umri huu, dada? Na sukari yako?"

"Kaa karibu tu."

Nilikaa karibu. Virungu vilishuka, na picha yake ilitoka ukurasa wa kwanza vilevile ilivyokuwa, damu na yote. Barua zikamiminika kutoka ng'ambo ya reli, kutoka kwa watu ambao hawakuwahi hata kuitikia salamu zetu. Wanafunzi wao wakaja kuandamana nasi, na mwaka haukwisha sheria ya kutunyima kura ikafutwa. Mama Brashi alipoteza jicho la kulia, na hakufanya kazi tena. Alipiga kura mara moja, akiongozwa na mwanawe, kisha akafariki.

Watu hunipa mkono kwa picha ile. Huniuliza niliwezaje kuipata, nami hujibu kwamba nilikuwa na bahati. Si kweli, na nimechoka kusema uongo. Pigo la kwanza lilipomwangusha nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Lilikuwa limemchana nyusi tu, na ningeweza kumvuta. Nilipiga picha, nikaona damu ni kidogo, haitamwamsha mtu. Nikasubiri. Iliyochapishwa ni ya tatu.