Nyuma ya Shuka ya Sinema

Siku ya mungu yenye kupita, kisha misa, bavijana bote ya hapa mu commune yetu ya Kenya balikimbilia sinema ya ba cowboy. Mu sale ya paroisse, mupe wetu, padri, alikuwa anaonyesha kasinema kadogo ya bavuvi, bila farasi, bila bunduki. Tulikuwa tu bamama kidogo na muzee moya mwenye kusinzia. Mutoto wangu muanaume, mwenye nilimuvuta kwa nguvu, aliniuliza: "Mama, ile iko na maana gani? Hata muntu moya hafi." Acha nikujibie weye, rafiki, maneno ni ya zamani na mpaka leo haijanyooka mu kichwa yangu.

Tangu kadogo nilikomea mu kampi ya batumikaji, hapa hapa Élisabethville. Siku ya posho balikuwaka banagawa unga, tusamaki twa kapenta, chumvi na mafuta ya mangazi, ya mawese, na ile mangaribi kampi yote ilikuwa inanuka bukari, ugali yetu, na kapenta ya kukaanga. Tukisha kusukula masahani, tunabeba biti bidogo, tunaenda. Mupe wa ule wakati alikuwa anafunga shuka kubwa kati ya miti mbili, mashini yake inalia sawa cherehani, inanuka mafuta ya moto.

Batata, banaume bote, balikuwaka banaikala mbele, ku upande ya mashini. Bamama na batoto tulikuwa nyuma ya shuka. Njo vile balipanga, hakuna mwenye kuuliza. Picha ilikuwa inapita mu shuka, tunaona bintu byote muzuri. Nkambo wangu muanamuke, mama ya mama yangu, yeye tu njo alikuwa analalamika: "Hawa bantu ya sinema, mama yabo hakubafundisha? Bote banakula na mukono ya kushoto." Na ilikuwa kweli. Banakula na kushoto, banalamukiana na kushoto, hata katekista moya wa mu sinema alifanya alama ya musalaba na kushoto. Miye nilikuwa najifunda sala ya komunyo ya kwanza. Nilikuwa nalala nawaza, siku moya mbinguni batanipokea na mukono gani.

Sasa, kulikuwa mama moya, jirani yetu. Bwana yake alikuwa muntu wa Kilwa ya huku kwetu, ku ziwa, haiko ile ya ku bahari. Kila conge, likizo ya kazi, alikuwa anaenda kule kuona mama yake, anarudia na samaki ya kukauka. Mara moya alienda, hakurudia. Mvua ya mwaka moya ikapita, ya mwaka ingine ikapita, hakuna habari. Ndugu ya bwana akaanza kuya ku nyumba na kusema: "Ndugu yangu alikufa. Tumalize kilio, miye nikuriti, ukuwe bibi yangu." Lakini ule mama alikuwa amefunga ndoa mu kanisa. Kama bwana iko muzima, kuolewa tena ni zambi. Kama alikufa, basi iko huru, na bajamaa hawatamuacha. Alikuwa anashindwa kulala juu ya ile.

Njo mupe akaleta kasinema ka bavuvi ya ku ziwa. Hakana jina, hakana mwanzo. Banashona wavu, banakula, mumoya anageuka, anacheka. Bamama balipiga kelele: "Bwana yako ule." Jirani alisimama. Bwana yake, imbwa ilimuumaka ku utoto, sikio ya kushoto haina ncha. Ule wa mu shuka pia alikosa ncha, lakini ku sikio ya kuume. Jirani aliikala polepole. "Haiko yeye," alisema. "Ni muntu anafanana naye." Kesho yake alimukubalia shemeji: kisha posho ya kufuata, bamalize kilio.

Filme zilikuwa kidogo, mupe alikuwa anarudilia zile zile. Posho ya kufuata akaweka tena bavuvi. Nkambo alinituma nimupelekee nkambo muanaume munkoyo, kinywaji ya mahindi, kule mbele. Nilizunguka shuka na kikombe mu mukono, nikaangalia, nikasimama. Bavuvi balikuwa banakula na kuume. Bote. Nilirudia mbio. "Nkambo, ku upande ya batata, bantu ya sinema banakula muzuri, na kuume."

Kumbe, rafiki, shuka ni sawa kitambaa ya kikwembe ya maua. Ukiangalia ku mugongo yake, ua ya kuume inapita kushoto. Sisi bamama tulikuwa tunaangalia mugongo ya sinema myaka yote ile.

Jirani alikaza kikwembe yake, akazunguka, akaingia katikati ya banaume. Batata balicheka. Mumoya akasema: "Mama, umepotea, jiko iko kule." Alimuambia: "Jiko haina kivuli ya bwana yangu. Sogea." Mu picha, yule muvuvi mwenye kucheka akageuka. Sikio ilikuwa ya kushoto.

Aliuliza mupe: "Ile picha ni ya mwaka gani?" Mupe hakujua. Filme ilitoka mu mission ingine ndani ya sanduku, hata yeye hakuona mwenye kuipiga. Basi ilikuwa yeye, lakini yeye wa wakati gani? Mbele ya kupotea, ao kisha? Shemeji alisema: "Ni kivuli tu. Utaishi na kivuli?" Jirani akamujibia: "Kivuli haikuniomba nimupikie, shemeji. Weye njo unaomba kila siku." Asubui alipanda kamioni ya kuenda Kilwa, na furushi ku kichwa.

Hakurudia. Bengine balisema alimukuta, bengine balisema alikuta kaburi, bengine balisema kamioni haikufika. Ile kampi balibomoa. Mupe alirudia Ulaya, na kasinema kale sijui kalienda wapi.

Njo maana ninakuambia: kama banaonyesha tusinema tudogo twenye hakuna muntu anataya jina, enda. Usiangalie tu mukubwa wa katikati. Angalia na bale banapita na ndoo, bale banakula pembeni.

Na ule bwana ya jirani, kila mangaribi nikipiga magoti kwa kusali, sijui nimuweke wapi. Ninamutaya kwanza kati ya bazima. Kisha, mbele ya kusema amina, ninamutaya tena kati ya bale balikufa, na bibi yake pamoja naye.