Risasi Moja kwa Swala na Nyati

Saa moja asubuhi, ukungu haujaondoka juu ya mabati. Jikoni kwake, mwanamke wa miaka hamsini na moja amefumba macho. Anapapasa risasi tatu zilizosimamishwa mezani, kando ya chai iliyokwisha kupoa. Nyembamba. Ya kati. Nene. Anazitambua kwa ncha za vidole, bila haraka, kama mtu anayechambua maharage.

"Leo nabaki na moja," anasema.

Wenzake humwita Bi Kimya, kwa kuwa porini anaweza kumaliza siku nzima bila hata kukohoa. Nyumbani, niseme ukweli, anaishinda redio.

Ni mwindaji mwenye leseni, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nguruwe pori wanapovamia mahindi, wakulima humwita. Wageni humwajiri awaongoze kuwinda swala. Nyati akijeruhiwa na kukimbilia vichakani, yeye ndiye anayeingia kummaliza.

Alikuwa na bunduki mbili, nyepesi na nzito, na risasi za kila moja aliziweka kwenye mkoba tofauti. Mikoba yote ilishonwa na fundi mmoja, kwa ngozi ya rangi moja. Kufanana huko ndiko kulikomponza.

Mwaka jana aliingia kwenye matete na bunduki nzito, kiunoni amefunga mkoba wa ile nyepesi. Nyati akatokea. Risasi zilizokuwa ndani ya bunduki zikaisha. Akaingiza mkono mkobani, akatoa nyembamba, haikuingia. Akatoa nyingine, nyembamba. Mdogo wake, anayemsomea nyayo, akarushwa juu, akavunjika nyonga. Nyati akaenda zake.

"Miezi sita kitandani, na hajanilaumu hata siku moja," anasema Bi Kimya, machozi yakimlengalenga.

Mdogo wake amesimama mlangoni, ameegemea upande mmoja. "Nimekulaumu sana, dada, ila ulikuwa unaongea."

Wanacheka wote wawili. Kisha mdogo wake anaacha kucheka. "Lakini ukibeba aina mbili tena, mimi simo. Tafuta mwingine wa kukusomea nyayo."

Bi Kimya anaisukuma pembeni ile nyembamba. Kwa nyati ni uchokozi tu. Anaisukuma na nene. Inararua swala, na bega la Bi Kimya limechoka kupigwa mateke na bunduki nzito. Inabaki ya kati, sampuli aliyopewa na muuza bunduki, ile wawindaji wanayoiita mia tatu sabini na tano kwa kipimo cha unene wake.

"Swala haimharibu, nyati inamwangusha," anasema. "Hii inanitosha."

Bunduki zote mbili atampelekea muuza bunduki, ampe moja ya risasi hii. Mkoba mmoja tayari umejaa vitunguu.

Tangu siku ile ya nyati huota ndoto moja. Matete yametulia, jua ni laini, hakuna sauti yoyote, na mkono wake unashuka mkobani taratibu, unashuka tu, haufiki.

Mdogo wake anaichukua ile risasi, anaipima kiganjani, anaitia mfukoni mwake. "Twende dukani," anasema.

Bi Kimya anajifunga kanga, anautazama ukungu.

"Watu huniombea nisiote tena," anasema. "Mimi naomba niote mara moja tu. Niingize mkono, nitoe inayoingia."