Kasete ya Mazishi ya Mama wa Ng'ambo

Miaka ile Kamembe haikuwa na nyumba ya kuhudumia misiba. Kulikuwa na atelie yetu, karakana ya masanduku ya maiti, chini kidogo ya soko, na watu walikuja pale kutafuta kila kitu: sanduku, msalaba, mtu wa kuosha maiti, mchungaji, gari. Mwenye atelie alikuwa kaka wa marehemu mume wangu. Yeye alikata mbao. Mimi nilishona kitambaa cheupe cha ndani ya sanduku. Sote tulizaliwa Kongo na tulirudi Rwanda, nchi ya wazazi wetu, baada ya vita vya huko, tukakuta nchi yenyewe imejaa makaburi.

Nilirudi na vitu vichache, na kimojawapo kilikuwa radio kubwa yenye nafasi mbili za kasete. Nilisikiliza korale, kwaya za kanisa, huku nikishona. Sikufikiri kwamba ingekuwa chombo cha kazi.

Halafu vita vikaanza ng'ambo, upande wa Kongo, na mpaka ukafungwa. Kutoka atelie tulisikia mabomu ya Bukavu. Wakati huo mama mmoja wa Bukavu alikuwa amelazwa hospitalini upande wetu. Alikuwa amevuka kuja kutibiwa figo kabla mambo hayajaharibika, na mume wake alibaki nyumbani na watoto. Alikufa siku ya tano ya mpaka kufungwa. Umeme ulikuwa unakatika mchana kutwa, na chumba cha maiti hakikuweza kumweka muda mrefu.

Habari ilimfikia mumewe kupitia mwanamke wa kisiwa cha Nkombo aliyeuza sambaza, dagaa wa ziwani. Pirogi, mitumbwi ya kuvukia ziwa, zilikuwa zimekatazwa, na wanaume waliokutwa majini walikamatwa, lakini yeye alikuwa na njia zake. Alirudi na karatasi iliyokunjwa ndogo sana, akanipa mikononi.

"Mzee amesema musome mbele yangu," akaniambia, "nimurudishie jibu."

Nilisoma. Mzee yule aliandika kwamba anajua mke wake hawezi kungoja. Tumzike. Lakini alisikia kwamba kwenye atelie kuna mama mwenye radio ya kushika sauti. Alitaka kusikia mazishi, yeye na watoto, kwa sababu wasiposikia, watoto hawataamini.

Sijui nani alimwambia habari za radio yangu. Nilimwambia mwanamke wa Nkombo, "Mwambie nitafanya."

Tulimzika kesho yake saa nne asubuhi, mvua ikinyunyiza. Tulikuwa watu wanne: mchungaji, shemeji yangu, muuguzi aliyemhudumia, na mimi na radio yangu ndani ya mfuko wa plastiki, betri mpya ndani. Wachimba kaburi walikuwa watatu. Tuliimba wimbo mmoja. Sauti zetu zilikuwa nyembamba, na muuguzi hakujua maneno.

Jioni ile nilirudisha mkanda nyuma ili nisikie kama umeshika. Ulishika vizuri mno. Maombi yalisikika, na wimbo, na mvua ikigonga plastiki. Baada ya wimbo, kabla ya udongo, wachimba kaburi walisikika wazi, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu nao.

"Huyu ni nani?" mmoja aliuliza.

"Ni muntu wa ng'ambo. Hana muntu huku."

Halafu kicheko kifupi, na sepetu ikaingia kwenye udongo.

Shemeji alikuwa anapiga randa. Aliacha. "Futa ile," akasema.

"Kasete yenyewe itakuwa fupi."

"Ongeza. Korale wanafanya mazoezi kesho mchana. Waombe waimbe wimbo uleule. Mzee atasikia batu bengi, roho yake itatulia. Kuna ubaya gani?"

Nilimtazama. Mume wangu alifia kwenye njia ya Uvira, kule Kongo, kabla hatujarudi, na shemeji ndiye aliyekuwa naye. Miaka yote aliniambia kwamba alizikwa vizuri, na watu walikuwa wengi, na waliimba. Sikuwahi kuuliza watu hao walitoka wapi, njiani kule, wakati kila mtu alikuwa anakimbia.

"Na bwana yangu?" nikamuuliza. "Balikuwa bengi kweli?"

Alichukua randa, akaitazama chini yake kama kuna kitu kimenasa, kisha akaendelea na kazi. Sikuuliza tena. Mavumbi ya mbao yalikuwa yanaanguka kwenye miguu yake na nilijua jibu.

Hata hivyo, kesho yake nilikwenda kwa korale. Mtu atasema ningejifunza palepale, lakini sivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimeumia, na nilichotaka ni kwamba mzee yule asiumie kama mimi. Waliimba watu thelathini, wanaume na wanawake, vizuri kabisa. Niliunganisha kwa vidole, nikibonyeza na kuachia: maombi ya makaburini, wimbo wa kanisani, udongo wa makaburini. Wachimba kaburi hawakuwemo. Kasete ya kwanza niliifunga ndani ya kitambaa, nikaiweka chini ya cherehani.

Mwanamke wa Nkombo aliibeba ile ya pili ndani ya beseni la sambaza. Baada ya siku chache alileta neno: "Mzee analia, lakini anashukuru. Batoto beko basikiliza kila siku."

Mpaka ulifunguliwa majuma kadhaa baadaye. Asubuhi moja aliingia atelie mwanaume mrefu, amekonda, koti lake likimzidi, amebeba begani mfuko wa unga wa muhogo.

"Ni wewe maman wa radio?"

"Ni mimi, Papa."

Aliweka mfuko chini. "Nimekuja kushukuru bale batu balimuimbia bibi yangu. Balikuwa bengi, na balikuwa habamujue. Nataka nibasalimie mumoja-mumoja. Huu unga, bapike bugali bakule pamoja."

Shemeji alinikazia macho kutoka nyuma yake, akatikisa kichwa polepole. Nilielewa. Ingekuwa rahisi kumpeleka kanisani. Korale wangempokea, wangemwimbia tena. Nilifungua mdomo kusema hivyo, sikuweza.

"Mzee, kaa," nikamwambia.

Nilimwambia yote. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu: "Ile ya kweli iko?"

Niliitoa chini ya cherehani. Alisikiliza akiwa ameketi juu ya sanduku ambalo halijafungwa misumari, viganja juu ya magoti. Sauti iliposema "hana muntu huku", macho yake hayakuondoka kwenye radio. Kicheko kilipokuja alifumba macho. Alisikiliza udongo mpaka mwisho, mpaka mkanda ukasimama wenyewe.

"Ni kweli," akasema. "Huku hakuwa na muntu."

Nilimwomba msamaha. Alisema ile ya watu wengi ibaki kwa watoto, hii ataichukua yeye. Halafu akauliza wachimba kaburi wako wapi.

Nilimpeleka, nikiogopa atawafanyia nini. Tuliwakuta wamekaa ukingoni mwa kaburi jipya, wanakula mahindi ya kuchoma. Aliweka mfuko wa unga mbele yao.

"Ya nini hii, Mzee?" mmoja akauliza. Niliitambua sauti yake.

"Mulimuteremusha bibi yangu chini. Mulikuwa hapo."

Walitazamana. Hawakumkumbuka mwanamke huyo. Walikuwa wamezika wengi tangu siku ile. Waliupokea unga kwa mikono miwili na kushukuru. Yeye alisimama kidogo kwenye kaburi la mkewe, akainyoosha misalaba miwili iliyoinama, wa mkewe na wa kaburi la jirani, kisha akateremka kuelekea daraja la mpakani kabla mpaka haujafungwa jioni.

Jioni shemeji alisema, "Ulimupa maumivu ya bure." Labda ni kweli. Niliendelea kurekodi kwa wengine, maana neno lilikuwa limesambaa na vita havikwisha. Sikukata tena kitu. Niliwauliza kwanza kama wanataka yote, na wengi walisema ndiyo, wengine baadaye wakajuta.

Vita vya pili vilipoanza nilimuuliza mwanamke wa Nkombo habari za mzee. Alisema nyumba imefungwa. Mzee alikuwa amechukua watoto wakaelekea ndani ya Kongo, upande wa msitu, na hakuna aliyejua walifika wapi.