Mgongo wa Kitabu cha Maoni

Kwa miaka thelathini na moja alifunga vitabu vya serikali katika chumba chenye dirisha moja, gundi ikamganda vidoleni hata watu wakamwita Gundi, jina lake la kweli likabaki kwenye kitambulisho. Hakuwa mtu wa siasa. Aliamini jambo moja tu: kurasa kwanza, jalada baadaye. Unashona karatasi, unazibana, unapima unene wake, ndipo unakata mgongo wa jalada.

Kwa hiyo Jumatatu ile, alipopewa oda ya majalada mia mbili ya Maoni ya Wananchi Kuhusu Katiba Mpya, mgongo milimita thelathini na nane kamili, aliisoma mara tatu. Tume ya kukusanya maoni hayo ilikuwa haijasikiliza mwananchi hata mmoja. Ingeanza Alhamisi, mtaani kwao.

Alimuuliza msimamizi vipimo vimetoka wapi. Vimetoka juu, akajibiwa.

"Mtoto hajazaliwa, bosi, na kofia imeshamtosha?"

Msimamizi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Gundi, kazi yako ni kufunga. Usianze kufungua."

Nyumbani, dada yake, muuguzi mstaafu, alikuwa wiki ya pili mezani akiandika pendekezo lake: wapiga kura wawe na haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha. Alikuwa amefuta na kuandika upya hadi karatasi zikatoboka. Gundi alimtazama. Sasa alishuku kila kitu: bango la tume, gari la matangazo, hata tabasamu la mjumbe wa mtaa. Mwishowe akamwambia habari ya majalada.

Dada hakupandisha sauti. Alisema aliwahi kukuta fomu ya kifo imeshajazwa, na mgonjwa bado anaomba maji.

"Nikampa maji, mdogo wangu. Alhamisi nakwenda."

Gundi aliomba ruhusa, akakaa nyuma kabisa ya ukumbi wa shule. Watu arobaini na mmoja walijiandikisha kusema. Yeye hakuwaangalia wasemaji. Aliangalia kalamu ya karani. Ilipofika zamu ya dada, kalamu ililala. Dada akanyamaza katikati ya sentensi.

"Mbona umenyamaza, mama?" akauliza mwenyekiti.

"Namsubiri aandike."

Foleni ikanung'unika, kisha, mmoja mmoja, watu wakaelewa, wakanyamaza naye. Karani akaishika tena kalamu.

Lakini kuandikwa si kuchapwa; Gundi alilijua hilo kuliko wote ukumbini. Ijumaa asubuhi alisogeza rula, akakata migongo yote mia mbili kwa milimita arobaini na nne. Sita za ziada, kwa watu arobaini na mmoja. Wakitiwa ndani, kitabu kitakaa sawa. Wakiachwa, kurasa zitalegea ndani ya jalada kama mgonjwa ndani ya koti lake la zamani, na kila atakayekishika atajua kuna watu wametolewa.

Msimamizi alipita, akachukua jalada moja, akalipima kwa jicho.

"Hili mbona pana?"

"Tusubiri kurasa, bosi," akasema Gundi, na kuendelea kupaka gundi.