Siku Niliyomtoa Mkamwana Majini

Mwanangu alipotangaza kwamba likizo tunakwenda Unguja, nilimwambia bahari nimeshaiona kwenye televisheni na inanitosha. Hakusikia. Huyu akishaamua jambo, limeamuliwa. Naishi kwake hapa Nyahanga, Kahama, tangu mama yake afariki; nakula kwake, naugulia kwake. Basi nikapanda ndege.

Kabla sijaendelea, niseme ninavyoishi na mke wake. Sisi Wasukuma wa rika langu hatumshiki mkamwana hata mkono. Ananisalimu kwa kupiga goti akiwa mbali kidogo, uso ameugeuzia pembeni. Akileta chakula, anakiweka chini na kuondoka, ndipo nasogea. Vijana wa mjini wanaona ni ushamba. Waone. Mwanamke huyu amenitunza ndani ya heshima hiyo miaka yote, na ndiyo inayoniwezesha kukaa chini ya paa la mtoto wangu bila kujiona mzigo.

Sasa huko Unguja tukapakiwa kwenye boti pamoja na wazungu, kwenda kutazama samaki. Mtu anavaa miwani ya maji, anauma mrija wa kupumulia, kisha analala kifudifudi juu ya maji. Eti hiyo ndiyo starehe. Mimi nilivalishwa jaketi okozi la rangi ya chungwa, nikaachwa kulinda viatu. Mkamwana aliposhuka majini na zile nguo za kuogelea zinazobana, niligeukia upande wa pili nikaikagua injini kwa bidii, utadhani mimi fundi.

Nilipogeuka tena, nilimwona amelala kifudifudi, mikono ameiachia, hasogei.

Ujana wangu wote nilichimba dhahabu Nyarugusu. Kwenye duara, lile shimo refu tunaloteremka kwa kamba, aliye chini huitwa na lazima aitike. Asipoitika, hewa imemwishia. Unamvuta kwanza, maswali baadaye. Kuna rafiki yangu tulimvuta tukiwa tumechelewa. Basi nikamwita mkamwana kwa sauti ileile ya duarani. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikaruka.

Kuogelea sijui, jaketi ndilo lililonibeba. Nilimdaka kiunoni kwa mikono miwili, nikamgeuza uso juu kwa kumvuta mikono, nikambana kifuani na kuanza kumburura kuelekea kwenye boti huku nikipiga mayowe. Mrija ukamtoka mdomoni. Akameza maji, akakohoa, akanizaba kofi kabla hajajua ni nani. Kisha akajua.

"Baba! Nilikuwa naangalia samaki!"

"Mzee, masikio yalikuwa majini," nahodha akaniambia kwa upole. "Hakuweza kukusikia."

Wazungu walinipigia makofi, wakidhani nimeokoa mtu. Mwanangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mkewe alijifunika kanga mwili mzima, akakaa mwisho wa boti, amenipa mgongo. Mimi mikono yangu niliikalia, nisiione. Nilitamani maji yanimeze.

Tuliporudi nyumbani, chakula kikawa kinaletwa na dada wa kazi. Shikamoo ya mkamwana sikuisikia tena. Nilimwona kwa mbali akipita uani na nguo ya mikono mirefu katika joto hili la Kahama, na nilijua inaficha alama za vidole vyangu. Mwanangu naye, kila mgeni akija, anamsimulia na kuigiza nilivyoruka. Siku moja nilimfokea mbele ya watu.

"Unacheka nini hapa?"

"Baba, ni utani tu."

Utani! Utani ni wa babu na mjukuu. Mimi nimemkumbatia mke wa mwanangu, nguo hana za maana, mbele ya umati, halafu naambiwa utani.

Nikafungasha. Mchimbaji mwenzangu wa zamani ana chumba Nyarugusu. Niliona heri nikazeekee huko kuliko mwanamke huyu ajifiche ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa sababu yangu.

Begi lilikuwa mlangoni niliposikia hatua, na hazikuwa za dada wa kazi. Mkamwana alisimama mbali kidogo, akaweka sinia la ugali na mlenda. Akaliona begi. Akapiga goti, akaugeuzia uso wake ukutani, kama siku zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Kesho pia nitapika mwenyewe," akasema, bado akiutazama ukuta, kisha akaondoka.

Sijawahi kufurahi namna ile mtu kunigeuzia uso. Aibu bado ninayo, na nadhani nitazikwa nayo. Nilinawa mikono, nikaisugua kuliko kawaida, nikala. Kisha nikalirudisha begi chini ya kitanda.