Kipimo cha Damu Kilisoma Juu, Nikamshuku Mama Mkwe

Nimekosa, na sina wa kumsukumia lawama. Nina shahada mbili zimetundikwa ukutani hapa Kibaha, lakini nilimdhalilisha mama mzazi wa mke wangu kwa sababu ya kipimo cha damu nilichoelezwa nikasikia nusu.

Ilianza kwa mabaka. Yanavimba, yanawasha, yanapotea, kesho yanahamia pengine. Miezi ikapita. Mtu mzima mwenye kitambi anajikuna mgongo kwenye fremu ya mlango mbele ya wageni!

Mama mkwe anaishi Masaki ya Kisarawe, ile ya mihogo na mkaa, siyo ile ya mabalozi. Kila akija hutuletea mihogo na korosho. Nikaanza kuona kwamba akija, mabaka yanatoka. Yalitoka pia siku asizokuja, ila hizo sikuzihesabu.

Daktari akataka damu. Alinieleza kwa utulivu kwamba anaangalia vitu viwili. Kimoja, IgE, yaani kinga ya mwili inayopanda mtu akiwa na mzio, kinamsaidia kukisia dawa ipi itanifaa. Kingine kinaonyesha mwili umewaka kiasi gani, na hicho atakirudia nikiwa kwenye dawa aone kama zinanishika.

Mimi nilibaki na neno moja: IgE iko juu. Mengine nikayamalizia mwenyewe. Nimelishwa kitu! Hata daktari nikamshuku. Anayetaka damu mara ya pili, nikasema, huyo anatafuta biashara. Vidonge vyake vya kila siku nikawa navimeza siku ninayowashwa tu.

Ijumaa moja mama akaja, akapika mihogo kwa nazi, akaniandalia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kisha nikamwambia, "Mama, naomba uonje kwanza."

Huku kwetu anayekukaribisha anaweza kuonja kwa hiari yake, akutoe wasiwasi. Kumwamrisha aonje, tena mkwe ambaye hata kutafuna mbele yake unaona haya, ni kumwita mchawi usoni.

Mke wangu aliganda mlangoni. Mama hakupaza sauti. Akamega, akala, akanawa mikono.

"Kula sasa, baba. Kisipoe."

Akajitanda kanga, akaomba aitiwe bodaboda.

Sikula. Wiki zilizofuata hakikuingia chochote cha Masaki mdomoni mwangu, na mabaka yakazidi. Nikarudi kutolewa damu. Kile kipimo cha mwili kuwaka kilikuwa kimepanda. Daktari akauliza dawa nazimeza vipi, nikakiri. Halafu, kwa usomi wangu wote, nikamuuliza kama damu inaweza kuonyesha nani amenilisha.

"Mzee wangu, damu haimtaji mtu," alisema. "IgE hata minyoo inaipandisha. Mabaka ya muda mrefu namna hii, mara nyingi ni mwili wenyewe umekugeuka. Wala siyo chakula. Meza dawa kila siku."

Nikameza. Akaongeza dozi. Kipimo kilichofuata kilishuka, ngozi ikatulia.

Tulikwenda Masaki kuomba radhi, mimi na mke wangu. Mama akasema amesamehe, akatutandikia mkeka mpya. Lakini Kibaha haji. Tukimwalika, korosho hazijaokotwa. Zikiokotwa, mvua. Mvua ikikatika, goti.

Mwaka huu mke wangu alijifungua kitinda mimba wetu. Wawili wa mwanzo, mama yake ndiye aliyekuja kumkanda kwa maji ya moto. Safari hii alikandwa na jirani. Mke wangu aligeukia ukutani tu, akalia.

Wewe unayejikuna huku macho yanamtafuta mbaya wako, nakusihi! Muulize daktari kila kipimo kinapima nini, umsikilize hadi mwisho. Meza dawa kama ulivyoambiwa. Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, ngoja damu ya pili.

Ngozi yangu sasa ni safi, unaweza kunipiga picha. Mtoto ameanza kutambaa. Bibi yake anampenda sana, na humpakata kutwa nzima, tukimpeleka Masaki.